Shabaha za Asubuhi, Milimani Juu ya Rumonge

Ninyi mnaobaki bomani Rumonge mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa ya kupiga shabaha milimani wakati wa kiangazi, kwa sababu mwaka huu mtapanda bila mimi. Naandika kwa herufi nilizofundishwa na mwalimu wangu wa Kurani kule Ujiji. Anayejua herufi za Wadachi peke yake atafute mtu wa kumsomea. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo kinaonekana kwenye mkono wa shati, na mshahara kila mtu anaujua wake, na kila mtu anasema hautoshi.

Nilipoandikwa uaskari nilikuwa kijana wa mwambao wa ziwa. Baba yangu alitoka Manyema akahamia Ujiji, na mimi nikazaliwa hapo, katika joto la maji. Nilipoletwa Rumonge sikuona tofauti kubwa: michikichi, samaki, jua, mbu. Baridi kwangu ilikuwa ni mvua ya masika ikikukuta kwenye mtumbwi. Sikujua kwamba ukiondoka Rumonge asubuhi, ukayapa mgongo maji na kupanda siku mbili, unafika mahali ambapo watu hulala pamoja na ng'ombe wao ili wapate joto.

Zamani shabaha zilipigwa hapahapa chini. Risasi zikawa zinapita juu ya mashamba ya michikichi na kuangukia ziwani, na wavuvi wakaja bomani kulalamika kwamba wamechoka kulala kifudifudi ndani ya mitumbwi. Bwana Luteni aliyekuwapo wakati huo akaamua askari wapelekwe milimani kila kiangazi, kwenye bonde refu lisilo na watu, lenye kilima kirefu nyuma yake cha kumeza risasi. Alisema pia kwamba askari asiyeweza kupiga kwenye baridi ni nusu askari. Yeye alizaliwa kwenye theluji, kwa hiyo maneno hayo hayakumgharimu kitu.

Mara yangu ya kwanza kupanda nilifanya makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya. Nilikuwa nimesikia kuna baridi, basi nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo tangu chini: mashati mawili, koti, na blanketi nimejifunga kifuani. Mpando ule ni mkali. Tulipofika nusu ya njia nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kuoga. Jioni ya pili tukafika bondeni, jua likazama, upepo ukashuka kutoka mgongo wa mlima, na zile nguo zote nilizozibeba ili zinikinge zikawa maji ya baridi mwilini mwangu. Nilitetemeka mpaka alfajiri. Asubuhi nilipolala kwenye mkeka wa kupigia, ncha ya mtutu ilikuwa ikichora duara hewani. Nilipiga risasi kumi. Ubao wa shabaha ulibaki mzima kama ulivyotoka kwa seremala.

Aliyenisimamia siku ile alikuwa Ombasha Farajala. Wengi wenu hamkumwona. Alikuwa mtu mfupi, mweusi tii, mwenye ndevu chache, aliyekwisha kutumika miaka mingi katika nchi za baridi za kusini kabla ya kuletwa huku. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la bunduki na kufundisha shabaha. Hakuwa na kelele. Alichukua bunduki yangu, akaiweka kando, kisha akanishika vidole.

"Unavihisi?" akauliza.

"Hapana, ombasha."

"Basi umepigaje?"

"Nimevuta tu."

"Umevuta nini? Ungeweza kuwa umevuta kamba ya mbuzi. Vua shati hilo, linuke huko mbali, uvae langu."

Akavua shati lake kavu alilolivaa ndani ya koti, akanipa, lenye joto la mwili wake. Nililivaa. Ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kujifunza kazi.

Mambo aliyonifundisha Farajala sikuyaongeza wala kuyapunguza, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza mbele, ambalo nililiongeza mwenyewe na likaniadhibu. Nitayataja kama alivyokuwa akiyataja, bila mpangilio, maana yeye hakuwa na mpangilio. Alisema jambo pale lilipotokea.

Panda ukiwa na nguo chache. Ukisikia baridi kidogo wakati unaanza kutembea, umevaa sawasawa. Shati kavu likae ndani ya mzigo, ndani ya ngozi, usilivae mpaka umefika juu na umekwisha jifuta jasho.

Vitambaa vya kufungia miguu usivikaze. Vijana wanavikaza ili waonekane wamenyooka mbele ya bwana. Damu haishuki, na mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi hawezi kutulia. Farajala alikuwa akipita nyuma ya mstari, akiingiza kidole chini ya kitambaa cha kila mtu. Kidole kikikwama, alikufungua mbele ya watu wote.

Ukipiga, usilale juu ya ardhi tupu. Baridi ya chini ni mbaya kuliko ya upepo, kwa sababu ya upepo unaiona ikija. Weka majani makavu mengi, juu yake mkeka, juu yake ngozi ya ng'ombe ukiipata. Tena kabla hujalala chini nenda haja. Mnacheka, lakini nimeona mpigaji hodari akikosa shabaha tatu kwa sababu alikunywa uji mwingi akaona haya kuomba ruhusa.

Farajala alikuwa amekata blanketi kuukuu akashona mfuko wa mkono, wenye tundu moja la kutokea kidole cha kuvutia mtambo. Wenzangu walimcheka kwamba amejishonea nguo ya mtoto mchanga. Kiangazi kilichofuata kila mmoja wao alikuwa na wake. Kama huna mfuko, weka mkono kwapani mpaka zamu yako ifike. Usiupashe motoni. Mkono uliotoka motoni unahisi baridi mara mbili, na vidole vinavimba.

Na la bunduki: ilale nje kwenye baridi, wewe ndiwe ulale ndani. Askari mpya anaionea huruma bunduki yake, anaiingiza kibandani karibu na moto. Asubuhi akiitoa nje inatoka jasho kama binadamu, maji yanaingia kila tundu. Ila risasi zikae mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Halafu ni moshi. Bunduki zetu ni zile za zamani zinazotoa moshi mwingi. Huku chini upepo wa ziwa unauchukua. Kule bondeni asubuhi hakuna upepo kabisa, moshi wa risasi ya kwanza unakaa mbele yako kama pazia. Wengi hupiga ya pili kwa kubahatisha. Farajala alisema: "Ngoja. Shabaha haina miguu."

Kulikuwa na mwalimu wa pili kule juu, ingawa hakuna aliyemwandika kwenye daftari. Huyo alikuwa mwanamke wa kilimani, jina lake Inabarenzi, mjane mwenye ng'ombe watatu na ulimi mkali. Kila asubuhi alishuka bondeni na chungu cha uji wa ulezi kichwani. Kiswahili alikiokota kwetu na kwa wachuuzi wa chumvi, akakitumia apendavyo.

"Amahoro, ninyi watu wa samaki," alikuwa akitusalimu. "Baridi iko mingi leo. Kunywa kwanza, kisha muue ubao yenu."

Ni yeye aliyenionyesha kujaza majani makavu laini ndani ya viatu. Ni yeye pia aliyewakemea vijana waliokuwa wakinywa pombe ya mtama alfajiri ili wapate joto. "Inakudanganya," alisema. "Mutu wa kwetu akilewa njiani usiku, asubuhi tunamuzika." Baada ya hapo Farajala alipiga marufuku pombe kabla ya shabaha, na alisema amri hiyo imetoka kwa Inabarenzi, wenye malalamiko waende kwake. Hakuna aliyekwenda.

Miaka ilipita namna hiyo. Kifua cha Farajala kikaanza kumsumbua, akawa hawezi tena kupanda. Akarudi kwao kusini ya ziwa kwa mtumbwi mkubwa, amejifunga blanketi lake kuukuu ingawa jua lilikuwa kali. Ghala na shabaha vikabaki mikononi mwangu. Watu wakaanza kuniita Fundi Rajabu, na mimi nikaanza kuamini kwamba ni fundi kweli.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Kiangazi kimoja mafuta ya bunduki yaliyoletwa na serikali yalichelewa. Mkebe uliokuwa ghalani ulikuwa umekaribia kwisha, na safari ya milimani ilikuwa kesho yake. Isitoshe, mwaka ule alikuwa anakuja bwana mkubwa kutoka Usumbura kutazama shabaha kwa macho yake, na Bwana Luteni wetu, kijana mpya aliyekuwa na miezi michache tu Rumonge, alikuwa hapati usingizi kwa sababu hiyo. Nilipaka bunduki moja baada ya nyingine mpaka mkebe ukakauka. Zikabaki nne.

Rumonge haikosi mafuta. Nilikuwa na kibuyu cha mawese jikoni kwangu, mekundu, yaliyochujwa vizuri, yanamiminika kama maji. Niliyapaka kwenye makomeo ya zile bunduki nne. Komeo, kwa asiyejua, ni kile chuma unachokivuta na kukisukuma kufunga risasi ndani, na ndani yake imo sindano inayoruka kugonga kitako cha risasi. Nilivuta na kusukuma mara kadhaa. Yaliteleza vizuri kuliko yale ya serikali. Nilijisifu.

Jioni Bwana Luteni alipita ghalani akauliza, "Mafuta yametosha?"

"Yametosha, bwana," nikajibu.

Halikuwa jibu la kufikiri. Lilitoka tu, kama salamu. Ningeweza kusema, "Yamepungua, nimetumia ya hapa," naye pengine angetikisa kichwa akaenda zake. Lakini nilikwisha sema yametosha, akaandika.

Bunduki moja katika zile nne ilikuwa ya Sefu. Sefu alikuwa mtu wa Kigwena kwa upande wa mama, mrefu, mpigaji mzuri kuliko wote niliowafundisha, na mbishi kuliko wote pia. Alikuwa akimjibu Bwana Luteni. Si kwa matusi, ila alikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini, na katika kazi yetu swali hilo halina mahali pake. Bwana Luteni alikuwa amekwisha mwonya mara mbili.

Tulipanda. Asubuhi ya shabaha ilikuwa ya baridi kali ambayo sikuwahi kuiona kabla wala baada. Nyasi za chini bondeni zilikuwa nyeupe, zinavunjika chini ya viatu. Inabarenzi mwenyewe alikuja amejifunika ngozi mbili, na uji wake ulikuwa umeota utando juu kabla hajautua. Bwana mkubwa alikaa kwenye kiti, koti refu mpaka miguuni. Bwana Luteni alitaka kuanza na mtu wake bora. Akamwita Sefu.

Sefu alifanya kila kitu sawasawa. Alitoa mkono kwapani, akalala kwenye ngozi, akatoa risasi kifuani, akaisukuma ndani. Niliona komeo linakwenda kwa uzito, nikadhani ni mkono wake. Akavuta pumzi, akaiachia nusu, akavuta mtambo.

Ikasikika kama mtu aliyegonga meza kwa ukucha. Hakuna risasi.

Alingoja, mtutu bado unaangalia mbele, kama nilivyomfundisha, maana risasi iliyogoma inaweza kuchelewa kulipuka. Kisha akaitoa, akaweka nyingine. Ukucha tena. Ya tatu vilevile. Bwana mkubwa alisema neno kwa Kidachi, si kwa sauti kubwa. Uso wa Bwana Luteni ukawa mwekundu mpaka masikioni. Alikwenda mwenyewe, akaichukua ile bunduki, akalitoa komeo na kulitazama. Kisha akalinyanyua ili sote tulione. Lilikuwa limejaa uchafu mzito wa rangi ya machungwa, kama samli ya jana.

"Hii ni bunduki ya askari?" akasema. "Huyu hakuisafisha tangu lini?"

"Niliisafisha, bwana," Sefu akajibu. "Sijui hiki ni nini. Kwa nini nisiisafishe siku kama ya leo?"

Hilo "kwa nini" lilimmaliza. Bwana Luteni alitoa hukumu palepale: viboko kumi na tano, na akirudi Rumonge avuliwe nguo za kazi, aende kwao. Sefu alikuwa na mke na mama yake mzee, wote wanakaa kwenye nyumba za askari. Aliangalia mstari mzima wa watu, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu anayejua. Macho yake yalifika kwangu yakapita, kwa sababu hakufikiri kwamba ninaweza kuwa mimi.

Mimi nilijua tangu lile komeo lilipoinuliwa. Rangi ile niliijua kama ninavyoijua sufuria ya nyumbani kwangu. Mawese yanayomiminika Rumonge yalikuwa yameganda kule juu, na sindano ilikuwa inatembea ndani ya mafuta magumu kama mtu anayekimbia kwenye matope. Nilijua, na nikanyamaza. Nitawaambia nilichokuwa nafikiri, kwa sababu siku moja na ninyi mtakifikiri. Nilifikiri: nimekwisha mwambia bwana kwamba mafuta yametosha. Nilifikiri: nikisema sasa, ni mbele ya bwana mkubwa. Nilifikiri: pengine Bwana Luteni atapoa baadaye, nitamwambia faraghani jioni. Mawazo yote hayo yalikuwa na sura ya busara.

Sefu alivua koti na shati kwenye baridi ile. Mvuke ukawa unatoka mgongoni mwake. Wakamlaza. Aliyeshika kiboko hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa anatazamwa.

Moja. Mbili. Tatu. Sefu hakulia. Nne. Nikamwona Inabarenzi amesimama kando ya chungu chake. Hakuwa akimtazama Sefu. Alikuwa akilitazama lile komeo lililowekwa juu ya mkeka, kisha akanitazama mimi. Yeye anaishi na siagi na baridi maisha yake yote, alikuwa ameelewa. Tano.

"Bwana!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Bwana, simamisha. Ni mimi."

Kiboko kikabaki hewani. Bwana Luteni akageuka. "Wewe nini?"

"Mafuta hayakutosha. Nilipaka mawese kwenye bunduki nne. Yameganda kwa baridi. Sefu hana kosa."

"Kule Rumonge ulisema yametosha."

"Nilisema uongo, bwana."

Hakuniamini. Alidhani namtetea rafiki. Niliomba ruhusa nimwonyeshe. Nililichukua lile komeo, nikaliingiza ndani ya shati, kwapani. Chuma kile kilikuwa cha baridi mpaka nikauma meno. Nilisimama hivyo mbele ya watu wote muda mrefu, mkono umebana ubavuni kama kuku mgonjwa, mpaka nikahisi mafuta yanatiririka mbavuni kwangu. Nikalitoa, nikalifuta kwa ncha ya shati mpaka likakauka, nikalirudisha. Nilichukua risasi moja katika zile tatu zilizogoma, nikaisukuma ndani, nikalenga kilimani. Ikalia. Mlio ulizunguka bonde lote. Moshi ukakaa mbele yetu, nami nikafurahi kwamba kwa kitambo kidogo hakuna anayeniona uso.

Bwana mkubwa alicheka. Yeye peke yake. Aliinuka kwenye kiti, akaja akalishika komeo, akanusa vidole vyake, akazungumza na Bwana Luteni kwa Kidachi, polepole. Sikujua Kidachi cha kutosha, lakini niliona mabega ya Bwana Luteni yanashuka.

Sefu akaambiwa avae. Kufukuzwa kukafutwa. Viboko kumi vilivyobaki nikapewa mimi, na mengine yaliyonipata yanahusu mambo ya cheo, ambayo nimesema sitayataja. Vile kumi sikuvihesabu. Nilikuwa nahesabu vitano vya Sefu.

Baadaye jua lilipanda, bonde likapata joto, na bunduki tatu nyingine zilizokuwa na mawese zikapiga bila tatizo. Hilo liliniuma pia. Kama Sefu angeitwa wa mwisho, hakuna ambaye angejua lolote, nami ningekufa nikijiita fundi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kibanda, siwezi kuegemea kitu, Sefu akaja. Alikuwa na siagi kidogo kwenye jani la mgomba, ametoka kupakwa na Inabarenzi, na iliyobaki ameileta.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Akanipaka, si kwa upole wala kwa ukali, kama mtu anayepaka kitako cha bunduki.

"Nilihesabu tano," akasema.

"Najua."

"Ungeweza kusema kabla ya moja."

"Najua, Sefu. Nisamehe."

"Hapana," akasema. "Bado. Inama kidogo, siagi inamwagika."

Inabarenzi alipita na chungu chake kitupu. Alisimama akatutazama, watu wazima wawili wenye migongo iliyopakwa siagi kama mikate ya Wadachi. "Hata yangu inaganda asubuhi," akaniambia. "Kila mutu huku iko anajua. Ungeniuliza."

Tangu siku ile nikabadili desturi, na hii ndiyo naomba mwishike. Kabla ya kupanda mlima, makomeo yote yafunguliwe mbele ya wenyewe, yafutwe mpaka yakauke kabisa. Kwenye baridi chuma kikavu kinatembea. Chenye mafuta, hata ya serikali, kinazembea. Mafuta mpake jioni, shabaha zikiisha. Na kila askari aambiwe kwa mdomo bunduki yake imepakwa nini na nani. Mwenye ghala akisema kitu kimepungua, msimcheke wala msimkaripie, maana atajifunza kusema kimetosha.

Mimi na Sefu tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa mkono wangu wa kulia kwenye shabaha. Yeye ndiye aliyekuwa akipita nyuma ya mstari akiingiza kidole chini ya vitambaa vya miguu. Tulikula sahani moja. Mama yake alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini. Mimi nilipougua homa, mke wake alinipikia. Tulizungumza habari za bunduki, za mvua, za malale yaliyokuwa yanawaondoa watu pwani ya ziwa, za watoto. Lakini kila kiangazi tulipokuwa tunapanda, tukifika kwenye bonde lile alinyamaza, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Mara nyingi usiku nililala nikitafuta namna ya kuanza maneno, na asubuhi nikamwuliza tu kama mikeka imekauka.

Wiki iliyopita nilimkabidhi ghala. Bwana Luteni wa sasa, ambaye ni wa nne tangu yule, alitia sahihi akaenda kula. Tukabaki wawili. Sefu alihesabu bunduki zote, akafungua mikebe ya mafuta mmoja mmoja, akainusa yote, na mimi nikasimama kando kama mwanafunzi. Alipomaliza alinyoosha mkono, nikampa ufunguo.

"Fundi Rajabu," akasema, akiufunga ufunguo kwenye mkanda, "lile jambo la mlimani nilikwisha kukusamehe. Zamani sana. Kiangazi kile kilichofuata."

Nilihesabu miaka kichwani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau."

"Sefu, miaka yote hii! Ungeniambia, ningelala usingizi mzuri."

"Najua," akasema, akasukuma mlango wa ghala ili aufunge. "Ndiyo maana nilisahau."